Kanda Isiyo na Utepe

Katika vyombo vyote vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, sidhani kama kipo kilichodharauliwa kuliko ile kanda ya plastiki yenye mkia wa waya, isiyo na utepe ndani yake, iliyokuwa ikitiwa katika redio ya gari ili redio ipate kuimba nyimbo isizozijua. Walionunua waliinunua kwa bei ndogo, wakaitumia, ikachakaa, wakaitupa. Haikupata mshairi wa kuisifu. Hata hivyo, mtu akitaka kujua ni nani mwenye haki ya kuchagua kinachosikika ndani ya gari, kanda hiyo itamfunza mengi kuliko viwanda vikubwa vilivyotaka kulijibu swali hilo peke yao.

Jawabu la kwanza lilikuwa redio. Mwaka 1930 Paul Galvin wa Chicago, ambaye pamoja na ndugu yake Joseph alikuwa na kiwanda kidogo, aliendesha gari lenye redio hadi Atlantic City, kulikokuwa na mkutano wa watengenezaji wa redio. Ukumbini hakuwa na nafasi, kwa hiyo aliegesha nje na kupandisha sauti ili wapita njia wasikie. Jina walilolipa redio hiyo, Motorola, baadaye likawa jina la kampuni nzima. Walakini redio, kwa uzuri wake wote, ni mwenyeji apikaye alichokitaka yeye, na msafiri hula anachopakuliwa. Wimbo ukimkera hana ila kutafuta kituo kingine au kuzima.

Ndipo likazuka wazo la msafiri kuchukua chake. Mwaka 1956 magari ya Chrysler yalitolewa yakiwa na kinanda cha santuri chini ya dashibodi, kazi ya Peter Goldmark wa kampuni ya CBS, yule yule aliyeongoza kazi ya kuleta santuri ndefu ya mwaka 1948. Sahani zake zilizunguka polepole mno, mara 16 na theluthi mbili kwa dakika, hata upande mmja ukaweza kubeba muziki wa dakika 45 hivi. Ulikuwa ujuzi wa kustaajabisha, na haukudumu. Mashine ziliharibika na gharama za kuzitengeneza zikawa nyingi. Lakini ila yake kubwa ilikuwa nyingine: kinanda hicho hakikupiga santuri za kawaida ambazo mtu alikuwa nazo nyumbani. Kilipiga sahani zake tu, na sahani hizo zilitoka Columbia, kampuni ya CBS hiyo hiyo. Msafiri aliambiwa achague, kisha akaonyeshwa rafu moja.

Miaka tisa baadaye Ford walitangaza magari yao ya mwaka 1966 yakiwa na mashine ya Bill Lear, mtu wa ndege za Learjet, iliyotumia mkebe wa utepe uliozunguka bila mwisho. Utepe huo uligawanywa katika njia 8, mbili mbili kwa kila sehemu, na mara nyingine wimbo ulikatika katikati, mashine ikalia, kisha wimbo ukaendelea katika sehemu ya pili. Kurudisha nyuma hakukuwezekana. Marekani waliupenda mkebe huo kwa zaidi ya muongo mmoja, maana haukuruka kama sindano barabara inapokuwa mbovu.

Kilichoishinda mashine hiyo kilikuwa kimekwisha kuzaliwa. Mwaka 1963, katika maonyesho ya redio mjini Berlin, Philips walionyesha kanda ndogo iliyobuniwa na kikosi cha Lou Ottens huko Hasselt, Ubelgiji. Utepe wake ulikwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, mwendo wa kobe ukilinganishwa na mashine za studio, na sauti yake ya mwanzo ilikuwa duni. Lakini Philips walifanya jambo ambalo Columbia hawakulifanya: waliwaruhusu watengenezaji wengine kuitumia bila malipo, sharti waufuate ule mfano mmoja. Kwa hiyo kanda iliyonunuliwa Bombay iliingia katika mashine iliyotengenezwa Osaka. Na juu ya hayo, mwenye nayo aliweza kurekodi. Mwaka 1968 Philips walikwisha kutoa redio ya gari yenye mlango wa kanda hiyo.

Kwetu visiwani ruhusa ile ilikuwa na uzito wake. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na kampuni ya His Master's Voice, santuri ya enzi ile ilimpa dakika tatu hivi kwa upande mmoja. Wimbo wa taarabu, ambao kwa asili yake hauna haraka, ulibidi ukatwe ili uenee kwenye sahani. Kanda ya dakika 60 ilimpa msanii nusu saa bila kugeuzwa. Kipande cha ala kikapata nafasi yake, kibwagizo kikarudiwa kadiri kinavyostahili, na sauti za watu wanaotunza zikaingia pia. Wimbo ukarudishiwa pumzi. Wala haikuwa taarabu peke yake: mawaidha, maulidi, ngonjera za harusini na tenzi zilizosomwa na wazee vyote viliwekwa katika kanda, na kanda hizo zikapakiwa katika teksi na daladala.

Sasa tuje kwenye kisa chenyewe. Tarehe 1 Julai 1979 Sony walianza kuuza Japani mashine ndogo ya mfukoni, Walkman, na mtu akatembea na muziki wake masikioni. Mwaka 1984 wakatoa ndogo ya kupiga sahani za CD. Hapo pakatokea tatizo jipya. Mtu aliweza kuwa na muziki safi mkononi, huku redio ya gari lake ikijua kula kanda tu. Kununua redio mpya kuligharimu fedha nyingi kuliko mashine yenyewe, na kuchomeka waya nyuma ya redio kulitaka fundi wa kuipasua dashibodi.

Jawabu lilikuja kwa ulaghai wa kiungwana. Larry Schotz, mbunifu wa vyombo vya redio nchini Marekani, ndiye anayetajwa kuwa mwenye wazo, na hataza yake ilitolewa mwaka 1988. Ndani ya redio ya kaseti mna kichwa kidogo cha chuma kinachongoja utepe upite mbele yake. Kichwa hicho hakiujui utepe. Kinachokijua ni usumaku unaobadilika, na kila badiliko hukigeuza kuwa mkondo mdogo wa umeme, ambao mwishowe huwa sauti. Kanda ya Schotz ilikuwa na kichwa chake, kilichowekwa ili kigusane na kile cha redio. Mkondo wa umeme kutoka kwenye mashine ya mkononi ulipita katika waya, ukafika katika kichwa cha kanda, ukawa usumaku, na kichwa cha redio kikausoma kana kwamba utepe unapita. Vigurudumu vya meno viliongezwa ndani ili redio ihisi mzunguko, la sivyo ingedhani utepe umekwisha na kuitapika kanda.

Sisi tuliozoea kuhamisha maneno kutoka lugha moja hadi nyingine tunaitambua kazi hii. Mfasiri haingii kwa kuvunja mlango. Hukaa pale pale ambapo mwenyeji amezoea kumkuta msemaji wake, akavaa umbo analolijua, kisha akamletea habari ambazo hakuwahi kuzisikia. Na kama tafsiri zote, ilikuwa na hasara zake. Vigurudumu viliguna. Waya ulining'inia kutoka kinywani mwa redio hadi mapajani mwa abiria, ukajisokota kwenye gia. Mashine ikiungwa pia na umeme wa gari, ulisikika mlio mwembamba uliopanda na kushuka pamoja na injini. Lakini hakuna kilichovunjwa. Aliyetaka kusikiliza kanda zake za zamani aliitoa ile ya waya, akatia yake, na redio ikaendelea kama jana. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na hakika redio nyingi za kaseti zilipata kuishi miaka kumi zaidi kwa sababu ya mgeni huyo.

Njia ya pili ilikuwa ya hewani. Kirushio kidogo cha FM kiliungwa na mashine ya muziki, kikatangaza ndani ya gari kama kituo cha redio cha mtu mmoja. Njia hii iligusa jambo nyeti, kwa kuwa masafa ya redio ni mali ya dola. Nchini Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1949, kutumia chombo hicho bila leseni kulikuwa kosa hadi tarehe 8 Desemba 2006, viliporuhusiwa vile visivyozidi sehemu 50 za bilioni moja ya wati. Nguvu hiyo haitoshi hata kuvuka barabara vizuri, na bado ilibidi iombewe ruhusa. Kanda isiyo na utepe haikuomba ruhusa kwa mtu.

Kwetu kirushio hicho kilikutana na mkasa wa aina yake. Magari mengi tunayoendesha yalitumika kwanza Japani, kwa kuwa wao kama sisi huendesha upande wa kushoto. Redio zake zilitengenezwa kwa masafa ya Japani, ambayo kwa miaka mingi yalianzia 76 hadi 90, ilhali vituo vyetu vya FM viko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo mtu alilishusha gari lake bandarini, akawasha redio, akapata vituo vichache vya chini au kimya kitupu. Mafundi walijifunza kuunga kidude cha kuyashusha masafa. Kirushio nacho, kilichotengenezwa kwa masafa ya ulimwengu, kilikutana na redio ya Kijapani katika kichochoro chembamba tu, baina ya 87.5 na 90, na hapo ndipo wote wawili walipozungumza. Gari lingine lilikuja na tundu la MiniDisc, sahani ndogo ya Sony ya mwaka 1992, ambayo kwetu haikupata soko. Tundu hilo likabaki wazi bila chakula. Katika redio kama hizo mlango wa kaseti ulikuwa rehema.

Kisha viwanda vikaamka. Apple walitoa iPod mwezi Oktoba 2001, na mwaka 2004 BMW wakawa wa kwanza kutangaza njia ya kuiunga na redio ya gari toka kiwandani. Katika miaka iliyofuata tundu la waya likawa jambo la kawaida katika dashibodi, likaja la flashi, kisha Bluetooth ikauondoa waya kabisa. Gari jipya la mwisho kuuzwa Marekani likiwa na mlango wa kaseti linatajwa kuwa Lexus SC 430 la mwaka 2010. Mwaka 2016 iPhone 7 ilitoka bila tundu la vipaza sauti vya masikioni, na mwaka 2022 Apple wakakoma kuitengeneza iPod yenyewe. Mashine ya mkononi ilimezwa na simu, na gari likaitii simu.

Je, msafiri amepata haki yake? Kwa upande mmoja, ndiyo, anasikiliza atakacho. Kwa upande wa pili kuna jambo ambalo halijasemwa vya kutosha. Nyumba kadhaa nizijuazo, mashine ya mwisho iliyoweza kupiga kaseti haikuwamo ndani ya nyumba. Ilikuwa ndani ya gari. Redio ya sebuleni ilikufa mapema, ya garini ikaendelea, kwa kuwa ilikuwa na kazi. Gari lilipouzwa, mlango wa kaseti uliondoka nao, na mfuko wa kanda ukabaki juu ya kabati: utenzi uliosomwa na babu, harusi ya mwaka fulani, sauti ya mama akimwita mtoto huku wimbo unaendelea. Santuri za Siti zimepata wa kuzitafuta na kuzitunza. Kanda hizi hazina nakala popote, na utepe haungoji. Gundi inayoshika unga wa chuma hulainika, hasa kwa joto na unyevu wa pwani yetu, na ukungu huingia.

Hapa waya ule wa kudharauliwa una somo la mwisho. Pini yake ya milimita 3.5 ni mtoto wa pini kubwa iliyotumika katika vibao vya simu mwishoni mwa miaka ya 1870, na haichagui upande. Waya uliopeleka muziki mpya katika redio kuukuu unaweza kuchukua sauti kuukuu kutoka tundu la vipaza sauti la redio kaseti yoyote iliyo nzima, ukaipeleka katika kompyuta na kuihifadhi. Kazi yenyewe haina njia ya mkato: kanda ya dakika 60 hutaka dakika 60. Lakini mafundi wanaojua kusafisha kichwa cha kaseti kwa pamba na spiriti bado wapo mitaani, na redio chache zingali zinazunguka. Mwenye mfuko juu ya kabati na aushushe mwaka huu, maana fundi naye, kama utepe, hangoji.