Ziwa la Ujiji Lilikwenda Wapi?

Karibu kila anayefika Ujiji kuona mahali ambapo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871 huwa na swali moja, hata kama haliulizi kwa sauti: sasa ziwa liko wapi? Vitabu vinaeleza mji wa bandari, soko likiwa karibu na maji, mitumbwi ikipakia na kupakua. Wewe unafika pale penye mnara na ile miembe inayosemwa kuwa ni uzao wa mwembe wa asili, unakuta mtaa, nyumba, watu na shughuli zao. Ukitaka kunawa miguu ziwani, tembea.

Wapo wanaoamua kwamba basi mnara umejengwa mahali pasipo. Mnara hauna kosa. Lililohama ni ziwa, na kisa cha kuhama kwake ni jibu la swali lililowakosesha usingizi wanajiografia wa Ulaya kwa miaka ishirini: je, maji ya Ziwa Tanganyika yanatoka, au yanaingia tu?

Swali linaonekana jepesi mno. Ziwa lina mto unaotoka au halina, unazunguka ufukwe unaangalia, mambo yamekwisha. Ila ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 673, na wakati huo lilizungukwa kwa makasia. Halafu kulikuwa na ushahidi wa ajabu ndani ya maji yenyewe. Chukua sufuria ya maji ya kisima, ichemshe mpaka ikauke kabisa. Chini kutabaki ukoko mweupe. Ziwa lisilo na pa kutokea ni sufuria hiyo hiyo: mito inaleta madini kidogo kidogo, jua linachukua maji peke yake, chumvi inabaki. Ndiyo maana Natron na Eyasi ni maji ya magadi na chumvi. Tanganyika, kinyume chake, watu walikuwa wanakunywa. Kwa hiyo wataalamu wa London wakasema ni lazima kuwe na mlango mahali fulani, nendeni mkautafute.

Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858. Matumaini yao yalikuwa kwenye mto Rusizi, kule kaskazini. Kama Rusizi unatoka ziwani kwenda kaskazini, basi huenda huo ndio mwanzo wa Nile. Speke alivuka ziwa kwenda kisiwa cha Kasenge kumwona mfanyabiashara Hamid bin Sulayyim, akarudi na habari njema: mto mkubwa unatoka ziwani. Wakapanda mitumbwi hadi Uvira, na pale wenyeji wakawaambia bila kusita kwamba Rusizi unaingia. Ndipo Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wao, akasema kwamba tangu mwanzo Hamid alizungumzia mto unaoingia, na Speke ndiye aliyeelewa kinyume. Tafakari kidogo: suala zito la jiografia ya karne ya 19 lilisimama juu ya tofauti kati ya "unaingia" na "unatoka", na mtu aliyeijua tofauti hiyo aliulizwa mwisho.

Burton na Speke hawakufika kwenye mdomo wenyewe wa Rusizi, kwa hiyo mjadala uliendelea. Uliisha Novemba 1871, Livingstone na Stanley walipopanda mtumbwi kutoka Ujiji wakaenda kujionea. Rusizi unaingia. (Utani wa historia ni kwamba Livingstone, aliyeota Nile mpaka kufa, alikuwa amekosea kwa miaka kama elfu kumi tu. Zamani hizo maji ya eneo la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Nile. Volkano za Virunga zikaziba njia, Ziwa Kivu likajaa na kumwagikia kusini. Rusizi tunaoujua ulizaliwa hapo.)

Basi kama maji hayatokei kaskazini, yanatokea wapi?

Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliingia Ujiji Februari 1874. Alikodi mitumbwi na kufuata ufukwe kuelekea kusini, akihesabu mito. Alihesabu 96 inayoingia. Mwezi Mei, upande wa magharibi, alikuta mwanya katika vilima karibu na mahali ulipo mji wa Kalemie leo. Huo ulikuwa mto Lukuga. Wenyeji walimwambia unakwenda mpaka Lualaba. Aliingia nao kilomita chache, akaona maji yanasogea polepole kutoka ziwani, kisha mafunjo na majani yanayoelea yakamfungia njia. Akaandika: mlango umepatikana.

Miaka miwili baadaye, Julai 1876, Stanley alifika pale pale. Alipima, akatupa vitu vielee ili aone vinakwenda wapi, akasukumana na matope na mafunjo, na hakuona mto. Aliona maji yaliyosimama yakisogezwa na upepo huku na huku. Kwa hiyo msomaji wa London alikuwa na mabwana wawili, wote wamefika, wote wamepima, mmoja anasema mto upo na mwingine anasema haupo. Ilikuwa rahisi kudhani mmojawapo hasemi kweli.

Lakini Stanley, ambaye kwa mengine mengi ana ya kujibu, hapa alifikiri vizuri. Alipokuwa Ujiji aligundua kitu. Miti mitatu ya jamii ya michikichi aliyoiona sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa imesimama ndani ya maji. Ule mchanga ambao yeye na Livingstone walikuwa wakitembea asubuhi ulikuwa umefunikwa. Ziwa lilikuwa linapanda. Akaunganisha mambo mawili: Lukuga umezibwa, na maji yanapanda nyuma ya kizuizi. Akatabiri kwamba muda si mrefu ziwa litamwagika.

Likamwagika. Mwaka 1878 hivi kizuizi kilikatika. Mwaka 1879 Edward Coode Hore, baharia aliyekuja Ujiji na London Missionary Society, alikwenda Lukuga akakuta mto wa nguvu unaondoka ziwani kuelekea magharibi, na mwishoni mwa mwaka huo huo Joseph Thomson naye akauona. Hakukuwa tena na cha kubishania. Cameron na Stanley wote walieleza sawasawa walichokiona. Ila swali lenyewe lilikuwa limeulizwa vibaya, kwa sababu lilidhani ziwa ni lazima liwe na jibu moja la kudumu.

Hebu tuangalie mlango huo unavyofanya kazi. Pale Lukuga unapoanzia kuna kizingiti, kama cha mlango wa nyumba. Maji yakiwa chini ya kizingiti, hakuna kinachotoka. Mawimbi yanasukuma mchanga mdomoni, vijito vya kando vinaleta tope, mafunjo yanaota na mizizi yake inashika tope lile. Kizingiti kinazidi kuwa kirefu kila mwaka. Ikija miaka ya mvua nyingi, ziwa linapanda mpaka linapita juu. Mara maji yanapoanza kupita yanachimba, na yakishachimba yanapita mengi zaidi, na yakipita mengi yanachimba kwa kasi zaidi. Tope laini na mizizi havihimili mchezo huo. Mto unajikatia njia hadi unapofika kwenye tabaka gumu, hapo ndipo unatulia.

Kati ya 1878 na katikati ya miaka ya 1890, Ziwa Tanganyika lilishuka karibu mita 10.

Kwa ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, mita 10 si kitu. Ni chini ya asilimia moja ya kina chake. Kwa Ujiji ilikuwa habari nyingine, na sababu ni mteremko. Ujiji ardhi inalala. Tuseme ufukwe unashuka mita moja kila unapotembea mita 60 (namba ya mfano tu, ili tupige hesabu). Maji yakishuka mita 10, ukingo unasogea mita 600. Hapo ndipo ziwa lilipokwenda, na ndiyo maana mnara uko mtaani. Ukitoka Ujiji kilomita chache kwenda ghuba ya Kigoma, ufukwe ni wa ghafla na vilima vinaikinga na mawimbi. Kule maji yakishuka mita 10, ukingo hausogei sana. Wajerumani walipotafuta mahali pa kumalizia reli yao kutoka Dar es Salaam, walichagua ghuba hiyo, na reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Yapo mengine yaliyoishusha Ujiji, biashara ya pembe na ya watumwa ilikuwa imekwisha, lakini bandari ambayo maji yameikimbia haina hoja kubwa mbele ya mhandisi wa reli.

Turudi kwenye sufuria, maana kuna kitu kimebaki hapo. Kama mlango hufungwa kwa miaka mingi, mbona ziwa halijawa chumvi? Jibu ni kwamba hata mlango ukiwa wazi, Lukuga hauchukui mengi. Zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoondoka ziwani huondoka kama mvuke. Lukuga unachukua sehemu ndogo iliyobaki, lakini ndiyo sehemu pekee inayobeba madini kwenda nayo, Lualaba, kisha Kongo, mpaka Atlantiki. Ziwa ni kubwa kiasi kwamba kufungwa kwa miaka mia hakulibadilishi ladha ghafla. Hata hivyo alama ipo: maji ya Tanganyika yana madini yaliyoyeyuka mara kadhaa kuliko ya Ziwa Victoria. Burton, aliyewahi kuandika kwamba pengine ziwa halina mto unaotoka na jua ndilo linalosawazisha hesabu, alikuwa karibu na ukweli kuliko wengi walivyomkubalia.

Hesabu hiyo ya jua na mvua ndiyo inayofanya watu wa mwambao wasilale hata sasa. Kila mwaka ziwa hupanda na kushuka chini kidogo ya mita moja, juu kabisa mwishoni mwa masika, chini kabisa kabla ya mvua za vuli. Hilo wavuvi wanalijua na wanapanga mitumbwi yao ipasavyo. Tatizo ni miaka ya pekee. Sentimita moja ya Ziwa Tanganyika ni zaidi ya mita za ujazo milioni 320 za maji, na mlango mmoja mwembamba hauwezi kuziondoa haraka. Mvua kubwa za 1961 na zilizofuata zilipandisha ziwa mpaka kilele cha 1964. Mvua za mwishoni mwa 2019 zikaanza tena, na miaka iliyofuata maji yakaingia kwenye nyumba na bandari kuanzia Gatumba na Bujumbura hadi Uvira, Kalemie na mwambao wetu wa Kigoma. Ukiitazama miaka hiyo pamoja na 1877 unakuta jambo moja: Bahari ya Hindi upande wetu wa magharibi ilikuwa na joto kuliko kawaida huku upande wa Indonesia ukiwa umepoa. Bahari ya namna hiyo hutuma mvuke mwingi Afrika Mashariki. Mtu wa Ujiji anapata mafuriko kwa sababu ya joto la maji yaliyo zaidi ya kilomita elfu moja kutoka kwake.

Nikisikia mtu akisema ziwa "limevamia" makazi ya watu, huwa naona neno hilo halitendi haki kwa pande zote mbili. Aliyejenga hakuwa mjinga. Babu yake aliona nchi kavu, baba yake akalima, yeye akajenga. Miaka mia moja na zaidi ni muda mrefu kwa familia. Lakini mstari wa maji wa 1878 uko juu kuliko ziwa lilivyofika katika mafuriko ya juzi, na ardhi kubwa iliyo chini ya mstari huo leo ina viwanja, mialo ya dagaa, hata barabara.

Suluhisho linalotajwa mara nyingi ni kudhibiti Lukuga kwa kizuizi cha kujengwa. Ziwa likishuka watu hutaka mlango ubanwe, bandari zisikauke. Likipanda hutaka upanuliwe. Kihandisi linafikirika. Ila mlango uko Kongo, na ziwa ni la nchi nne, Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ambazo mwaka 2003 zilitia saini mkataba wa kulisimamia pamoja. Ili mtu aweke kizingiti, kwanza hizo nchi nne zikubaliane kizingiti kiwe na urefu gani, yaani ufukwe wa Ziwa Tanganyika uwe wapi. Mwaka 1858, 1871, 1878 na 1894 ungepewa majibu manne tofauti, na kila moja lingekuwa sahihi siku ile.