Kukimbia, Mifupa na Viatu: Yale Yaliyopimwa

Kwetu Bunia neno kukimbia lina uzito wake. Mwezi wa Mei 2003 maelfu ya watu waliuacha mji huu, wakashika kwa miguu njia ya Komanda kwenda Beni, na mtoto aliyezaliwa wakati ule sasa ni kijana mzima. Leo kijana kama huyo akiamka alfajiri na kupita mbio mbele ya nyumba zetu hapa Nyakasanza, hakuna anayemfukuza. Anakimbia kwa kupenda, nasi twafurahi kumwona. Lakini twawaona pia wale ambao baada ya majuma 3 au 4 wanachechemea, na kila jirani ana shauri lake. Huyu asema nunua viatu vya bei kubwa. Yule asema vua viatu kabisa. Mwingine asema nyosha mishipa kwanza. Na hakosi mzee wa kusema kwamba mbio zitakula magoti. Mashauri haya yote yamekwisha kupimwa na watu wenye subira ya kuhesabu. Habari zao zafaa kujulikana parokiani, maana shauri baya laweza kumlaza kijana miezi mingi.

Tuanze na askari. Mwaka 1855 Breithaupt, mganga wa jeshi la Prussia, aliandika habari za askari waliovimba miguu na kuumwa baada ya mwendo mrefu. Hawakuanguka wala hawakupigwa, walitembea tu. Siku zile hapakuwa na njia ya kuona ndani ya mguu wa mtu aliye hai. Ndipo Röntgen akavumbua miali yake mwaka 1895, na mwaka 1897 Stechow akaonyesha kwa picha kwamba mifupa ya miguu kama ile ilikuwa imevunjika. Miaka 42! Twawaza ni askari wangapi katika muda ule walioitwa wavivu na kuambiwa wasimame waendelee.

Mfupa ni kitu hai. Ukiupa kazi, hujijenga upya uwe imara zaidi, lakini kujijenga kwataka siku nyingi. Ukiuongezea kazi kabla haujamaliza, hutokea ufa mdogo, nao ufa hukua. Kwa hiyo kijana mwenye maumivu mahali pamoja pa mfupa, mahali anapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi akikimbia na kumsumbua hata usiku, asiambiwe ajikaze. Aache mbio, aende akatazamwe. Tena ajue kwamba picha ya kwanza mara nyingi haionyeshi ufa huo. Huonekana baada ya majuma 2 au 3. Kumeza vidonge vya maumivu ili apate kuendelea ni kumfunga mbwa mdomo wakati mwizi yumo uani.

Je, basi tukae tu? Hapo ndipo inapokuja hesabu tunayoipenda kuliko zote, ya mabasi ya London. Daktari Jerry Morris na wenzake walichunguza wafanyakazi wa usafiri wapata 31,000 wa mji ule, watu wazima wa miaka 35 mpaka 64, wakatoa habari zao mwaka 1953. Mabasi yale yana ghorofa 2. Dereva hukaa kitini siku nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti, hatua 500 mpaka 750 kila siku ya kazi. Kumbe ugonjwa wa moyo uliwashika makondakta wachache kuliko madereva, na ulipowashika haukuwa mkali kama kwa madereva.

Wengine wangalishangilia na kufunga kitabu. Morris hakufunga. Aliuliza: labda watu wanene huchagua kazi ya kukaa, nasi twasingizia ngazi bure? Mwaka 1956 yeye na wenzake wakaonyesha vipimo vya sare walizogawiwa wafanyakazi hao, na kweli suruali za madereva zilikuwa pana zaidi kiunoni, hata kwa wale wa umri mdogo. Basi ngazi hazikuwa sababu pekee. Aliwachunguza pia watu wa posta, na makarani wa serikali, na mwaka 1973 akaonyesha kwamba makarani waliofanya mazoezi ya nguvu saa za mapumziko waliugua moyo wachache kuliko wenzao. Mtu anayetafuta kosa katika hesabu yake mwenyewe hivi, sisi twamsadiki zaidi. Alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99.

Habari hiyo yatuhusu sisi wa Bunia. Kijana anayepakia watu kwa pikipiki tangu asubuhi mpaka giza anarudi amechoka, lakini mwili wake umekaa kama wa yule dereva wa London. Mama yake aliyechota maji na kupanda nayo, bidoni kichwani, akalima, akatwanga, amekwisha fanya mazoezi, ingawa hakuna anayempigia makofi. Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema mtu mzima apate kila juma dakika 150 mpaka 300 za kazi ya mwili ya wastani, kama kutembea upesi, au dakika 75 mpaka 150 za kazi kali kama mbio. Tena siku 2 za kutia misuli nguvu. Kazi ya shamba na ya nyumbani imo katika hesabu hiyo. Mama huyo asiambiwe akimbie pia. Yafaa zaidi mumewe ashike bidoni.

Sasa magoti. Waganga wa Stanford, Marekani, walianza mwaka 1984 kuwafuata wakimbiaji wa miaka 50 na zaidi pamoja na wenzao wasiokimbia. Baada ya miaka 19, katika kila wakimbiaji 100 walikuwa wamekufa 15; katika wale wengine, 34. Ni kweli kwamba aanzaye kukimbia uzeeni huenda alikuwa mzima kuliko wenzake tangu mwanzo, na tofauti yote si kazi ya mbio. Lakini picha za magoti ya baadhi yao, zilizopigwa mara kwa mara kwa miaka mingi, hazikuonyesha magoti ya wakimbiaji yakiharibika zaidi. Mzee wetu aweza kutulia. Ila aliyeumia goti zamani, au mwenye mwili mzito, aanze kwa kutembea.

Juu ya viatu watu wamegombana sana. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda maratoni ya Roma mwaka 1960 bila viatu. Mwaka 1964 akashinda tena huko Tokyo, amevaa viatu. Mwaka 2010 Daniel Lieberman na wenzake walionyesha kwamba wakimbiaji waliozoea kwenda pekupeku, wakiwamo watu wa Bonde la Ufa la Kenya, mara nyingi hutua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, na hivyo ardhi haiwagongi kwa ghafula. Watu wengi wa Ulaya na Marekani wakatupa viatu vyao, na wengine wakavunja mifupa ya nyayo, kwa kuwa walibadili siku moja yale waliyoyazoea miaka 30. Kisha mwaka 2013 wachunguzi wengine wakawapima Wadaasanach wa kaskazini ya Kenya, nao pia huenda pekupeku, wakaona kwamba katika mwendo wa polepole wengi wao hutua kwa kisigino. Basi hakuna namna moja kwa wote. Jeshi la Marekani nalo lilijaribu kuwapa askari wapya viatu kwa kufuata umbo la unyayo, na wenzao aina moja tu bila kutazama umbo, waliumia sawasawa. Kwa hiyo kiatu cha mtumba kisichokubana, ambacho soli yake haijaisha, chatosha. Fedha inayobaki inunue chakula.

Kunyosha mishipa kabla ya mazoezi kulipimwa huko Australia kwa askari wapya 1,538. Habari zilitoka mwaka 2000. Walionyosha na wasionyosha waliumia karibu sawa. Anayependa anyoshe, lakini asidhani amejikinga. Kutia misuli nguvu kumeonekana kufaa zaidi.

Kinachoumiza hasa ni pupa. Hata hapa hesabu ilisumbua. Huko Groningen, Uholanzi, watu wapya katika mbio 532 waligawanywa: wengine waliongeza polepole kwa majuma 13, wengine kwa majuma 8. Habari zilipotoka mwaka 2008, katika kila kundi karibu 1 katika 5 alikuwa ameumia. Watu walistaajabu. Mwaka 2025 ndipo wachunguzi waliofuata wakimbiaji zaidi ya 5,000 walipoona kwamba hatari haimo sana katika jumla ya juma, bali katika siku moja: yule aliyekimbia mara moja zaidi ya sehemu 1 juu ya 10 kupita safari yake ndefu ya siku 30 zilizotangulia ndiye aliyeumia zaidi. Ni yule kijana wetu aliyezoea kilomita 5, halafu Jumamosi rafiki akamchokoza, wakaenda 12.

Aliyeyajua haya bila vipimo ni mtawa. Bruda Colm O'Connell wa Ireland, wa shirika la Mabruda wa Mt. Patrisi, alifika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya Mt. Patrisi. Hakuwa amesomea ukocha. Aliwatazama watoto wakikimbia, akajifunza kwao, akawazuia wasiharakishe. Peter Rono aliyetoka shuleni pale alishinda mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. David Rudisha, aliyemlea tangu ujana, alikimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 huko London mwaka 2012. Mwaka uliofuata goti likamwuma, akakosa sehemu kubwa ya msimu. Dunia nzima ilitaka kumwona. Yeye na Bruda wakangoja, na mwaka 2016 huko Rio de Janeiro akashinda tena.