Shaba na alumini: viwanda huziunganishaje, na kwa nini usikubali zisokotwe

Waya unaotoka kwenye nguzo ya umeme hadi nyumbani mara nyingi ni wa alumini, kwa kuwa ni nyepesi na bei yake ni nafuu. Waya wa ndani ya nyumba huwa wa shaba. Lazima metali hizi mbili zikutane mahali, na hapo ndipo hatari huanzia.

Kwa nini hazipatani?

Alumini ikikutana na hewa hujifunika mara moja kwa utando mwembamba, mgumu, usiopitisha umeme. Ikipata joto hutanuka kuliko shaba, hivyo kiungo hulegea kidogo kidogo. Unyevu ukiingia, alumini huliwa. Kiungo kilicholegea hupata joto kali, na nyumba inaweza kuungua.

Kuziyeyusha pamoja nako kuna shida. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, shaba 1,085. Zikichanganyika, hutokea tabaka linalovunjika kama kigae.

Viwanda hufanyaje?

Hutumia mgandamizo, kwa njia kuu tatu:

1. Rola. Mabamba husuguliwa kwa brashi ya waya, hupangwa moja juu ya jingine, kisha hupitishwa kati ya rola nzito. Yanapokondeshwa, utando hupasuka na metali safi hushikana.

2. Msuguano. Kipande kimoja huzungushwa kwa kasi huku kikikandamizwa kwenye kingine. Joto hulainisha metali bila kuziyeyusha.

3. Baruti. Mlipuko hulitupa bamba moja juu ya jingine kwa kasi kubwa, yakashikana. Njia hii hutumika pia kuunganisha alumini na chuma kwenye meli.

Kwa msuguano hutengenezwa viunganishi vyenye upande mmoja wa alumini na mwingine wa shaba. Kila waya hukutana na metali ya aina yake.

Nyumbani kwako

Ukiona waya wa shaba umesokotwa na wa alumini, kisha umefungwa utepe tu, usikubali kazi hiyo. Mwombe fundi umeme mwenye leseni atumie kiunganishi cha metali mbili. Upande wa nguzo hadi kwenye mita waachie shirika la umeme.

Taa zikififia na kuwaka tena, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, usiguse waya. Zima swichi kuu ikiwa unaifikia salama, toa watu nje, kisha piga simu kuomba msaada.