Tarehe ya Poland, dola iliyofutwa ikarudi

Wapolandi huanza kuihesabu dola yao mwaka 966, pale Mieszko, mtawala wa nyanda za Gniezno, alipobatizwa. Dini ilikuwamo, na siasa pia: majirani zake Wajerumani walizoea kuwavamia Waslavi kwa kisingizio cha upagani, naye akakiondoa kisingizio hicho. Mwanawe Bolesław alivikwa taji mwaka 1025, akafa mwaka uleule.

Wazao wake wa baadaye waligawana nchi vipande vipande. Kazimierz, aliyeshika ufalme mwaka 1333, ndiye aliyeijenga upya, na mwaka 1364 akaanzisha chuo kikuu Kraków. Hakuacha mrithi wa kiume. Hatimaye taji likamwangukia Jadwiga, mjukuu wa dada yake, binti wa miaka kama kumi, naye mwaka 1386 akaozwa kwa Jogaila, mtawala wa Lithuania. Ndoa hiyo ilizaa dola kubwa. Mwaka 1410 majeshi yake yaliwavunja mashujaa wa Kijerumani wa msalaba huko Grunwald, na mwaka 1569, mjini Lublin, nchi hizo mbili zikawa moja.

Ukoo wa Jogaila ulipokatika mwaka 1572, makabaila waliamua kwamba wafalme watachaguliwa. Wa kwanza, Henri wa Ufaransa, alikaa miezi michache tu. Aliposikia kaka yake mfalme amefariki, alitoroka Kraków usiku akaenda kurithi Paris.

Sheria yao nyingine ndiyo iliyokuwa sumu. Katika baraza lao, Sejm, kila mjumbe alihesabiwa sawa na mwenzake, hivyo kauli ya mmoja ilitosha kuzuia uamuzi wa wote. Mwaka 1652 mjumbe aitwaye Siciński alipinga kikao kuongezwa siku, kisha akaondoka zake. Wenzake walinung'unika, lakini walikubali kwamba amewafunga mikono, na kikao kikavunjika. Baada ya hapo, aliyetaka Poland isitawalike alihitaji mjumbe mmoja tu wa kununua, na Urusi haikukosa fedha.

Urusi, Prussia na Austria ziliimega nchi mara ya kwanza mwaka 1772. Tarehe 3 Mei 1791 Sejm ikapitisha katiba iliyofuta kura hiyo ya mtu mmoja. Wako makabaila walioona wamenyang'anywa haki yao, wakaomba jeshi la malkia wa Urusi liingie. Kikulacho ki nguoni mwako. Nchi ikamegwa tena mwaka 1793, na mwaka 1795 ikafutwa kabisa. Majirani wamelaumiwa sana, na wanastahili. Lakini mimi siwaachi hao waliowafungulia mlango.

Miaka 123 ilipita. Maasi ya 1830 na 1863 yalizimwa na Urusi. Dola ilirudi Novemba 1918, Piłsudski akiiongoza, ikadumu miaka ishirini tu. Septemba 1939 Hitler aliingia kutoka magharibi, Stalin kutoka mashariki.

Hapa ndipo tarehe yao inapokutana na yetu. Stalin aliwahamisha Wapolandi kwa malaki, akawapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi yao waliruhusiwa kuvuka kwenda Iran, na wanawake na watoto wakasambazwa makambini, Afrika Mashariki ikiwamo. Tengeru, karibu na Arusha, ilipokea kama 5,000. Waliishi katika vibanda vya mviringo vilivyoezekwa nyasi, wakawa na kanisa lao na shule zilizofundisha kwa Kipolandi. Wengine walipelekwa Uganda, Koja na Masindi.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mpaka wa Poland ulisogezwa magharibi, na nyumbani kwa wengi wa Tengeru kukabaki ndani ya Umoja wa Kisovieti. Warszawa ilikuwa mikononi mwa wakomunisti. Wengi hawakurudi, walihamia Uingereza, Australia na Kanada.

Serikali ya uhamishoni, iliyokuwa London tangu 1940, nayo ilikataa kujivunja hata baada ya mataifa makubwa kuacha kuitambua. Ilisubiri, mgomo wa Gdańsk wa 1980 ukawatikisa wakomunisti, na uchaguzi wa Juni 1989 ukawashinda. Tarehe 22 Desemba 1990 rais wake wa mwisho, Ryszard Kaczorowski, alifika Warszawa na kumkabidhi Lech Wałęsa, rais aliyechaguliwa na wananchi, mihuri ya dola na bendera ya urais.