Pepe si Mbali

"Mwanangu, kompyuta yenyewe iko wapi?"

Aliyeniuliza ni mama mmoja karani wa masijala, mzaliwa wa Ifakara, siku tuliyomwekea mezani skrini, kibodi na kijisanduku kisichozidi ukubwa wa daftari. Mafaili yake yalifunguka kama kawaida, ila lile sanduku lililokuwa likinguruma miguuni pake halikuwapo tena. Nikamjibu kwamba kompyuta yake sasa ni pepe. Akanitazama. "Pepe? Kama mpunga pepe? Haina kitu ndani?"

Swali lile limenikaa. Kwa mkulima wa mpunga, pepe ni punje iliyotoka ganda tupu; ukipepeta, inaondoka na upepo. Mimi neno nilikuwa nimelitoa kwenye barua pepe, ambako limebeba wepesi wa kitu kinachopaa bila kushikika. Tulikuwa na neno moja na maana mbili, na ya kwake ilikuwa na mizizi shambani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama "eneokazi pepe", istilahi tunayoitumia kwa kile Waingereza wanachokiita "virtual desktop", inamwambia mtumiaji ukweli.

Tuanze na nusu ya kwanza, maana hiyo haina ugomvi mkubwa. Kompyuta ya mezani ni chombo: sanduku, waya, feni. Eneokazi ni kile unachokiona kwenye skrini ukishaiwasha, yaani aikoni, madirisha na mafaili uliyoyatandaza. Kiingereza kimeyaita mambo haya mawili kwa neno moja. Kiswahili kimeyatenga, na kimefanya vizuri. Wapo wanaosema "dawati pepe". Silipendi, kwa sababu dawati kwetu ni la darasani au la polisi, na hakuna mtu anayeita skrini yake dawati.

Nusu ya pili ndiyo yenye kazi. Neno la Kiingereza lina asili ya Kilatini, "virtus", nguvu au ubora. Kitu cha namna hiyo kina nguvu zote za kitu halisi ila umbo lake ni jingine. Mashine pepe inawaka, inazimika, ina diski, ina anwani ya mtandao, inaweza hata kuambukizwa virusi. Kinachokosekana ni bati na nati zake peke yake. Tangu mwaka 2007, kiini cha Linux kimekuja na KVM, sehemu inayoiwezesha kompyuta moja kujigawa kuwa nyingi. Mafundi huiita ile kubwa mwenyeji na hizo ndogo wageni, na sijui maneno mengine ya fani hii yaliyokaa vizuri kama haya. Mgeni anakula. Seva yenye kumbukumbu ya GB 128, ukimpa kila mgeni GB 4, wageni 30 wanameza 120 na mwenyeji anabaki na 8. Punje tupu hazili hivyo.

Neno pepe limeshashinda, na sina nia ya kulipindua. Barua pepe imelipeleka hadi vijijini. Ninacholalamikia ni kulitwisha mzigo usio wake. Mama yule hakuuliza kama kompyuta yake ni halisi. Aliuliza iko wapi. Mashine pepe inaweza kuwa ndani ya kompyuta iliyo mbele yako, nawe ukaiona bila kupita mtandaoni. Na kompyuta halisi kabisa, yenye bati na feni, inaweza kuwa chumba cha pili ukaitumia ukiwa nyumbani. Upepe na umbali ni mambo mawili. Kwa hiyo napendekeza tuseme eneokazi pepe pale tunapozungumzia mgawanyo wa mashine, na eneokazi la mbali pale tunapozungumzia kuona na kugusa kutoka mahali pengine. Miundombinu kamili huwa na yote mawili, na anayeitathmini ana mitihani miwili ya kusahihisha.

Mtihani wa umbali ndio unaoangusha wengi, na hapo ndipo inapoingia itifaki. Anayehudhuria hafla Tanzania amesikia mzungumzaji akisema "itifaki imezingatiwa", yaani waliostahili kutajwa kwanza wachukulie wameshatajwa. Itifaki ya mitambo ni hiyo hiyo: nani aanze, nani ajibu, kwa maneno gani. Chukua VNC, iliyotoka katika maabara ya Olivetti na Oracle mjini Cambridge, Uingereza, miaka ya 1990. Ukiunganisha, seva ndiyo inayotangulia kusema. Inatuma baiti 12 tu za jina na toleo la itifaki: RFB 003.008, pamoja na alama ya kumaliza mstari. Chombo chako kinajibu kwa toleo lake. Ndipo wanakubaliana juu ya nywila, kisha seva inataja ukubwa wa skrini, na chombo kinaomba: nipe kilichobadilika. Seva inatuma mistatili ya rangi, inangoja kuombwa tena. Ni shikamoo na marahaba kwanza, habari baadaye.

Urahisi huo ndio uzuri wake na ndio udhaifu wake. Skrini ya kawaida ya pikseli 1920 kwa 1080, kila pikseli baiti 3, ni baiti 6,220,800 kwa picha moja. Ukizituma picha 30 kila sekunde bila kuzibana, unahitaji karibu gigabiti 1.5 kwa sekunde, kwa mtu mmoja. Kwa hiyo kila itifaki ni namna ya kukwepa kutuma picha nzima. VNC hubana mistatili iliyobadilika. RDP, ambayo Microsoft iliitoa mwaka 1998, ilianzia kwenye kutuma amri za kuchora, kama vile "andika neno hili hapa", na ina njia za pembeni za sauti, printa na kunakili maandishi. Microsoft imechapisha maelezo yake, na wasanidi wa FreeRDP na xrdp wameijenga upya kwa msimbo huria. Ipo pia Guacamole ya Apache, inayosimama katikati kama mkalimani: upande mmoja inazungumza VNC au RDP, upande wa pili inamletea mtumiaji eneokazi ndani ya kivinjari, bila kusakinisha chochote.

Upana wa njia unaweza kununuliwa. Kinachosumbua zaidi ni ukawiaji, muda kati ya kubonyeza herufi na kuiona. Programu nyingi zilizotafsiriwa zinauita "muda wa kusubiri", lakini hilo linanifikirisha foleni, wakati hapa hata pasipo foleni, safari ipo. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Seva ikiwa kilomita 10,000 za waya kutoka ulipo, herufi inakwenda na kurudi kwa sehemu ya kumi ya sekunde hata mtandao uwe mtupu. Kabla nyaya za baharini kama SEACOM hazijafika pwani yetu mwaka 2009, tulitegemea setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu. Kwenda na kurudi ilikuwa nusu sekunde. Aliyewahi kuandika hivyo anajua: unaandika "mkutano", skrini bado iko kwenye "mku", unadhani umekosea, unafuta, halafu yote yanajitokeza kwa mkupuo na hujui umefuta nini. Nikipima mfumo, nampa karani ukurasa wa kuandika na kumwomba asikie vidole vyake. Namba nazitazama baadaye.

Neno la mwisho ni huria. Hapa Kiswahili kinatupa nafuu ambayo Kiingereza hakina: huria ni jambo moja, bure ni jingine. Msimbo huria unaweza kuusoma, kuubadili na kuugawa. Seva unanunua, umeme unalipa, na ukiweka Windows ndani ya mashine pepe, leseni za Microsoft zinakusubiri pale pale. Huria haina maana ya milele pia. SPICE, itifaki nyingine ya eneokazi la mbali, ilibuniwa na Qumranet ya Israel kwa ajili ya mashine za KVM. Red Hat ikainunua kampuni hiyo mwaka 2008 na kuufungua msimbo mwaka uliofuata. Wengi tuliijenga mifumo juu yake. Kisha Red Hat ikaiacha, na mwaka 2022 toleo la 9 la mfumo wao endeshi likatoka bila SPICE. Msimbo bado upo, lakini aliyekuwa akiuhudumia kwa nguvu zote ameshaondoka. VNC nayo ilibaki yatima maabara ilipofungwa mwaka 2002. Waliokuwa wakiijenga wakaanzisha kampuni yao, na wengine wakaendeleza msimbo ule kivyao, ndiyo maana leo ipo TigerVNC. Kwa hiyo kabla sijatazama sifa za itifaki yoyote, natazama ni watu wangapi wameugusa msimbo wake mwaka huu.

Na natazama mlango. Nywila ya VNC ya zamani husoma herufi 8 za mwanzo tu. Zinazozidi hazina kazi. Itifaki kama hiyo haiwekwi wazi kwenye intaneti. Inapitishwa ndani ya njia iliyosimbwa, au nyuma ya Guacamole.

Mama wa masijala sikumweleza yote hayo. Nilimwita, tukashuka ngazi hadi chumba kidogo chenye kiyoyozi, nikamwonyesha seva. Akaweka kiganja nyuma yake, panapotokea hewa, akakiondoa upesi.

"Ya moto," akasema. "Na majalada yangu ya mwaka jana yamo humu?"

Nikamwonyesha diski mbili, moja ikiwa nakala ya mwenzake. Akasoma namba ya chumba mlangoni, akaiandika kwenye kitabu chake cha masijala.