Jinsi ya kuota joto barazani bila kuhatarisha maisha

KATI ya Juni na Agosti, baridi kali huvamia sehemu za nyanda za juu kama vile Limuru, Kinangop na Nyahururu. Hata jijini Nairobi, waliozoea kubarizi nje jioni hulazimika kujifungia ndani mapema. Hata hivyo, baraza bado linaweza kukalika iwapo kifaa cha kupasha joto kitatumiwa ipasavyo.

Vifaa hivyo ni vya aina tatu: hita za gesi, hita za umeme na majiko ya makaa au kuni. Kwa kuwa upepo hupeperusha hewa iliyopata joto, hita bora za nje hutoa miale inayowafikia watu moja kwa moja, mithili ya jua. Hivyo basi, ni muhimu kuketi karibu na kifaa na kukinga upande mmoja unakotoka upepo, bila kuziba baraza lote.

Gharama nazo hutofautiana. Hita ya gesi yenye nguvu ya kilowati 13 huteketeza takriban kilo moja ya gesi kwa saa ikiwashwa kikamilifu. Mtungi wa kilo 13 basi hudumu kwa saa 13 hivi. Hita ya umeme ya kilowati 2 hutumia yuniti mbili za stima kwa saa.

Kifaa chochote kiwekwe mahali tambarare, angalau mita moja kutoka kwa mapazia, viti vya mbao au paa la nyasi, na mbali na watoto. Mtungi wa gesi usimame wima. Mipira yake ipakwe maji ya sabuni kabla ya kuwasha; povu likifura, gesi inavuja. Hita ya umeme iwe ile iliyoundwa kustahimili unyevu.

Hatari kubwa zaidi hutokea usiku unapoingia. Wengi huona hasara kuyaacha makaa yazimikie nje, wakaingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Makaa yaliyokolea, yasiyotoa moshi, huwahadaa watu kuwa ni salama. Kumbe hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa na kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu. Aliyelala huenda asiamke kamwe.

Mwenye dalili hizo atolewe nje mara moja na kukimbizwa hospitalini. Hita ya gesi ya nje pia isitumiwe ndani ya nyumba.

Kuna pia suala la mazingira. Ufaransa ilipiga marufuku hita katika kumbi za nje za mikahawa mwaka wa 2022, ikisema zinapoteza nishati. Kwa anayetaka kupunguza gharama, blanketi zito na kikombe cha chai moto huenda vikatosha, na jiko likabaki nje hadi asubuhi.