Baiskeli Inayobebwa

Nilishuka Kibaigwa asubuhi kwa basi la kutoka Dodoma, nimekuja kuandika habari za soko la mahindi. Konda alinitolea begi kwenye buti, halafu akabaki anaushangaa mzigo wangu wa pili. Nikaukunjua hapo hapo kando ya lami: fremu, usukani, kiti. Ikawa baiskeli, yenye vitairi kama vya mtoto.

Nasafiri nayo kikazi mwaka wa pili sasa. Stendi hadi gesti, gesti hadi kwa watu ninaowahoji, bodaboda haili hela yangu. Lakini Kibaigwa nilikutana na swali. Mzee mmoja, Phoenix yake nyeusi ikiwa na gunia la mahindi kwenye keria, aliitikia shikamoo yangu, akaizunguka baiskeli yangu mara mbili.

"Sasa mwanangu, gunia unaweka wapi?"

Nikamweleza kwamba haibebi gunia. Inakunjwa, inaingia kwenye basi.

"Basi hiyo haibebi," akacheka. "Hiyo inabebwa."

Historia iko upande wake. Miaka ya 1890 kapteni Mfaransa, Gérard, alibuni baiskeli ya kukunja ambayo askari aliweza kuibeba mgongoni. Katika Vita vya Pili vya Dunia kiwanda cha BSA cha Uingereza kikatengeneza maelfu ya nyingine kwa ajili ya askari wa miamvuli. Vita ilipoisha mwaka 1945, vyuma vingi vya jeshi vilibaki bila kazi. Baiskeli zile wakauziwa raia.

Vyuma vingine vilitafutiwa kazi huku kwetu. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango wa karanga Kongwa, wilaya hii hii ya Kibaigwa. Walitaka kulima zaidi ya ekari milioni 3 Afrika Mashariki na Kati, na kwa ajili hiyo hata vifaru vya Sherman viligeuzwa matrekta. Basi bwana, udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji. Zana zikavunjika, karanga zikagoma kung'oka. Mwaka 1951 mpango ukafutwa, mamilioni ya pauni yakiwa yamepotea. Wakubwa wale walikuwa na mashine na ramani. Wagogo walioijua ardhi ile walikuwepo, lakini hawakusikilizwa. Swali la yule mzee lingewafaa.

Sisemi baiskeli yangu ni kosa. Mwingereza Andrew Ritchie alipobuni Brompton miaka ya 1970, aliishi London, mji wa treni na ofisi, na kwa mji ule ilifaa. Huku historia imebebwa na keria: maji, mkaa, mahindi, wagonjwa. Nikiwa na miaka sita niliugua malaria usiku. Mama alikaa kwenye keria, mimi nimefungwa kanga mgongoni kwake, baba akapiga pedeli hadi zahanati. Kwa hii yangu, ningemfikisha nani?

Jioni niliikunja, nikampa konda wa basi la kurudi.

"Nauli ya huu mzigo?" akauliza.

Nikatoa buku mbili bila kubisha. Ng'ambo ya barabara Phoenix nyingine ilikuwa inaelekea sokoni, magunia mawili nyuma, mwenyewe anaisukuma kwa miguu.